Sentensi Moja ya Baba kwa Nahodha Ilsa

Baba yangu, Vernon Strobel, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Kwenye kiwanda cha mikate pale Toledo alifanya kazi miaka thelathini kwa kutikisa kichwa na kuinua vidole, na wenzake walimzoea hivyo. Nyumbani alizungumza na mimi na marehemu mama tu, tena polepole.

Lakini kila kiangazi, tangu nilipopata leseni ya udereva, tulisafiri pamoja. Siku moja tulikwenda kwenye bustani ya michezo, kupanda treni zile za kupinduka na kushuka kwa kasi, na siku ya pili kwenye mkutano wa mashabiki, ambako waigizaji wa zamani huketi mezani wakitia saini picha zao. Baba alikuwa shabiki wa tamthilia moja tu ya televisheni, ya safari za angani, *Walinzi wa Zohali*. Alishapata saini za waigizaji wake wanane, na kila mmoja wao baba alimpa karatasi niliyomchapia mimi: "Naitwa Vernon. Nawapenda tangu utotoni. Asanteni." Walisoma, wakatabasamu, wakatia saini, naye akaondoka bila kufungua mdomo.

Alibaki Corinne Yost, aliyeigiza Nahodha Ilsa. Mama huyo hakuwahi kuhudhuria mkutano wowote. Kisha mwezi wa nne ikatangazwa kwamba Julai atakuja Cincinnati.

"Nikuchapie karatasi?" nikamuuliza baba.

"Ha-hapana. Sa-safari hii nasema mwenyewe."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hata mama hakulijua. Akiwa na miaka tisa, alikuwa akikaa mbele ya televisheni na kusema maneno ya Ilsa pamoja naye, sauti juu ya sauti, na ulimi haukukwama. Hata jina lake mwenyewe alijifunza kulitamka kwa lafudhi ya nahodha yule.

Tulipokaribia Cincinnati tulipitia kwanza bustani ya michezo, tukapanda treni kubwa ya mbao. Ilipofika kileleni na kuanza kuporomoka, baba akapaza sauti: "Ilsa, nilijifunza kusema kwa sauti yako!" Hakukwama hata mara moja. Mwanamke wa kiti cha nyuma alicheka huku akipiga mayowe.

"Ilsa ndiye nani? Mkeo?"

"Nahodha wangu!"

Tulipanda mara sita. Nikaamini kazi imekwisha.

Kesho yake ukumbini, foleni ya Corinne Yost ilizunguka hadi kwenye vyoo. Baba alikuwa akinong'ona sentensi yake, midomo imemkauka. Tulipofika mezani tulimkuta bibi mwembamba mwenye sweta ya waridi na miwani mizito, ambaye hakufanana kabisa na nahodha.

"Karibu. Unaitwa nani?"

"V-V-V..." Shingo ya baba ikavimba mishipa.

Msimamizi wa foleni, mama mmoja mwenye fulana ya rangi ya chungwa, akasogea. "Samahani, tuharakishe kidogo."

Nyuma yetu jamaa mmoja mnene aliyevaa sare za *Walinzi* akasema kwa sauti, "Mzee, tutazeekea hapa!" Wachache wakacheka. Nilipapasa mkoba kutafuta kalamu na karatasi. Baba akanishika mkono, akanizuia.

Bibi Corinne akaweka kalamu yake chini. "Mimi nimetoka mbali kuja hapa," akamwambia msimamizi, "wala sina basi la kuwahi." Kisha akamgeukia baba, akakunja mikono, akasubiri. Hakumsaidia kumalizia hata neno moja.

Ilichukua muda mrefu sana. Jasho lilimtiririka baba hadi kwenye kola. Lakini sentensi ilitoka, kipande kwa kipande, mpaka mwisho: alipokuwa mtoto, alijifunza kusema kwa sauti ya Ilsa.

Bibi akavua miwani. "Mimi nilipewa yale maneno niyasome tu, kaka yangu. Sikujua kuna mtu sebuleni kwake anayasema pamoja nami." Akaipangusa miwani kwa sweta. "Unajua kwa nini nilikuwa siji? Niliogopa mngemtaka Ilsa, na mimi siku hizi sikumbuki hata alichosema."

"Mi-mimi nakumbuka," baba akajibu. Akajiweka sawa, akaanza: "Walinzi, meli imetoboka, lakini sisi hatujatoboka..."

"...Zibeni tundu, kisha mnililie!" akamalizia yule jamaa mnene wa nyuma, kabla hajajizuia.

Bibi Corinne alicheka hadi akashika meza. Kwenye picha akaandika: *Kwa Vernon, aliyenikumbusha maneno yangu.*

Tulipotoka, yule jamaa alitufuata akiwa na uso wa aibu. Aliitwa Dwight Hosler, fundi wa mabomba kutoka Dayton.

"Bwana, nisamehe. Nilikuwa na njaa, na mimi nikiwa na njaa sina adabu."

"Ba-basi tule," baba akasema.

Wakala bakuli mbili mbili za tambi zilizomwagiwa nyama na jibini, wakibishana ni kipindi gani cha tamthilia kilikuwa bora. Baba alikwama kila baada ya neno, na Dwight akawa anatumia nafasi hizo kutafuna. Kabla ya kuagana Dwight alimwambia baba kwamba kila majira ya kuchipua yeye hujitolea kwenye mkutano wa Columbus, na wanahitaji watu.

"Kazi gani?" nikauliza, nikidhani ni kubeba viti.

"Kuita namba za foleni."

Nilimtazama baba. Alikuwa amekwisha kutikisa kichwa: ndiyo.

Aprili iliyofuata nilisimama ukumbini Columbus nikamwona baba juu ya kijukwaa, amevaa fulana ya rangi ya chungwa inayombana tumbo. "Na-namba sitini na... na mbili!" Mtu mmoja akaguna. Baba akamtazama kwa utulivu, akavuta pumzi, akaita sitini na tatu.