Mapipa ya Josho la Idete

Makoye alipowaona wapimaji wakipigilia vigingi upande wa mashariki wa kiwanja, alisimama akawatazama. Walikuwa mbali na pale penye mapipa.

Kijiji cha Idete kilitaka kujenga zahanati pale palipokuwa na josho la ng'ombe, ndiyo maana wataalamu walitumwa kwanza kupima udongo na maji ya chini. Mwenyekiti, Fridolin, aliwaambia kwamba josho lilipovunjwa dawa yote iliondolewa, na ndivyo alivyoamini. Makoye peke yake ndiye aliyejua kuwa marehemu mwenye josho alimtuma kuyazika mapipa sita ya dawa ya kupe, mengine yakivuja, karibu na mahali ambapo baadaye kilichimbwa kisima cha pampu.

Siku mbili alinyamaza. Aliwaogopa polisi, na zaidi majirani, ambao tangu ahamie na ng'ombe wake kutoka Usukumani hawakuacha kumwita mgeni. Siku ya tatu alimwona Brigita, jirani yake mjamzito, akikinga maji ya pampu kwa kiganja na kunywa.

Akamfuata Herieth, binti aliyewaongoza wapimaji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnachimba siko, mwanangu. Njoo nikuonyeshe."

Walipochimba alipoonyesha, mita mbili chini ulitoka udongo mweusi wenye harufu ya kutoa machozi. Herieth akawarudisha watu nyuma, kisha akamuuliza taratibu nani mwingine alijua.

"Mimi tu. Niliyazika kwa mikono hii."

Siku hiyohiyo pampu ilifungwa kwa mnyororo. Majibu ya maabara yalichukua wiki tano, na wiki zote hizo Fridolin hakumsalimia. Brigita ndiye aliyefika kwake, akasimama uani.

"Baba, nimekunywa maji yale miaka mitatu. Nitazaa mtoto wa namna gani?"



Majibu yalisema sumu imeshafika majini. Kisima kikafukiwa, zahanati ikahamishiwa kwingine, na Makoye akaandikisha maelezo polisi mara mbili.

Brigita alijifungulia Ifakara, mtoto wa kike. Wauguzi walisema ni mzima, ila arudishwe kupimwa kila baada ya miezi sita. Makoye alikwenda kumwona nyumbani kwake. Brigita akamkaribisha ndani, akamnyooshea mtoto ampakate. Mzee alibaki mlangoni, mikono nyuma, akisikiliza jinsi mtoto anavyopumua.