Mwalimu Akisema Noma

Binti yangu alinionya nisijitie ujana, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nikaandika hesabu ubaoni, nikawageukia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nikasema, “Hili swali ni noma.” Wakaduwaa, kisha wakacheka mpaka dawati likapinduka. Swali wakalifanya wote.

Kesho yake hakuna aliyesema “noma” tena. Kumbe neno la vijana likishapita mdomoni mwa mwalimu, ndiyo limezikwa. Nami sikukawia: darasa lisipomaliza zoezi, nazika neno jingine.

Jana kiranja alinijia amebeba rundo la madaftari. “Shikamoo, Mwalimu. Tumemaliza sura nzima. Tunakuomba, ‘mzuka’ utuachie.”

Neno lenyewe nilikuwa silijui. Nikamwambia nitafikiria.