Mawe ya Chini ya Bomba

Mwenye kiwanda cha ngozi alimkuta binti mgeni kijitoni, suruali kaikunja hadi magotini, akigeuza mawe.

“Wee, nani kakutuma?”

“Napima afya ya kijito, mzee. Majibu nitakuletea mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote.”

“Maji haya hata sindano ikidondoka unaiona! Pima upotee, nisije nikamfungua mbwa.”

Upande wa juu wa kijito, kabla ya kufika kiwandani, kila jiwe lilikuwa na wadudu wadogo wameng'ang'ania. Chini ya bomba la kiwanda linalomwaga maji kijitoni, mawe yalikuwa matupu. Roho ilimuuma binti. Angeweza kupita njia ya nyuma aende zake, lakini alikuwa ameahidi. Akaenda kwenye geti la kiwanda.

“Mzee, maji ni maangavu, ila chini ya bomba lako hakuna kinachoishi.”

Mnyororo wa mbwa ukalia mkononi mwa mzee. Binti akamaliza maelezo yake yote, ndipo akakimbia.