Leso Kwenye Koki ya Asali

Leso ya Mutanu niliifua baada ya mazishi, nikaianika juani siku nzima, lakini sisimizi bado wanaijua. Naandika nisije nikasahau ilivyofika kwenye koki.

Mdogo wangu Mutanu na mimi tulifanya kazi Ikutha, kwa mama aliyenunua asali kwa wafugaji wa nyuki, akaichuja na kuipakia kwenye chupa. Jina lake Ruqiya, lakini sote tulimwita Mama Sabrin. Mimi nilibandika lebo. Mutanu alikaa kwenye pipa: anafungua koki, chupa inajaa, anafunga. Kazi ilikuwa hiyo tu, na ndiyo iliyomtesa. Mtu akiita mlangoni, Mutanu anainuka kumsikiliza, na huku nyuma koki iko wazi. Asali haipigi kelele kama maji. Unaijua ikifika miguuni.

Mara ya pili ilipomwagika, nyuki walijaa chumbani tukakimbilia nje. Mama Sabrin hakugomba. Alisema tu, "Mutanu, ikimwagika tena utaenda nyumbani."

Wakati huo Mutanu alikuwa ametoka kumwona daktari Kitui. Aliambiwa ana ADHD: kwamba si mjinga wala mvivu, ila akili yake hukimbilia kila sauti, na kile alichokuwa akifanya kinamtoka. Tangu shuleni walimchapa kwa hilo.

"Nimwambie Mama Sabrin?" aliniuliza tukiosha ndoo.

"Usithubutu. Ukitaja akili hapa, kesho soko lote linajua, na Jumapili unaitwa mbele kanisani uombewe."

"Nisiposema ataona ni uvivu."

"Uvivu watu husamehe."

"Kathini, mimi nimesamehewa uvivu lini?"

Jumatatu alikuja na leso yake ya kujifunga. Akafunga ncha moja kwenye koki, nyingine kiunoni.

Mbuvi, aliyekuwa akibeba ndoo, alisimama mlangoni. "Aiya! Nani amefunga mbuzi ndani ya nyumba?"

"Si uniletee majani basi," Mutanu alimjibu. "Unaona nina njaa."

Tulicheka, lakini leso ilifanya kazi. Mtu alipoita nje, Mutanu aliinuka, leso ikamrudisha, akakumbuka koki, akafunga.

Mchana Mama Sabrin akaingia na mnunuzi kutoka Makueni. Mnunuzi akaiangalia leso, akamwangalia Mama Sabrin.

"Mutanu, fungua hiyo kitu. Watu watasema nafunga wafanyakazi wangu kama mifugo."

Nilikuwa na lebo mkononi. Niliishika mpaka gundi ikanikaukia kidoleni. Nilijua akifungua leso atanyamaza salama leo, na asali itamwagika tu siku nyingine. Nilimtikisia kichwa asiseme. Aliniona.

"Mama Sabrin, nikiifungua, nitaiacha koki wazi tena. Daktari amesema nina ADHD. Mtu akiita, akili inaondoka kabla mimi sijajua. Leso ndiyo inaniambia nirudi."

"Inaambukiza?" Mbuvi akauliza.

"Wewe beba ndoo," Mama Sabrin akamwambia. Kisha kwa Mutanu: "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Nilikuwa karibu kukufukuza." Alishika leso akaivuta kidogo, kama anayepima fundo. "Ibaki. Na huu mlango ufungwe kukiwa na kazi. Anayetaka asali agonge, asubiri."

Mbuvi aliendelea kumwita Mbuzi. Sokoni mama mmoja aliniuliza kama dada yangu ni mzima kweli, nikamjibu vibaya. Asali ilimwagika mara moja tu tena, siku Mama Sabrin mwenyewe alipokaa kwenye pipa akiongea kwenye simu.

"Mama Sabrin," Mutanu alimwambia, "nikuazime leso?"

Mama Sabrin alicheka mpaka akakaa chini, karibu na ile asali.

Mutanu alikufa kwa homa ya mapafu, mvua zilipoanza. Mama Sabrin alikuja mazishini na leso imekunjwa mkobani, akanipa. Alikuwa ameifungua mwenyewe kwenye koki. Alisema fundo lilikuwa gumu.

Sasa mimi ndiye ninayekaa kwenye pipa. Mlango bado tunaufunga. Wanunuzi wanagonga, wanasubiri, na hakuna anayeuliza kwa nini.