Miunganisho Ishirini

Seva ya hospitali yetu, kompyuta kuu ya kumbukumbu zote, inapokea miunganisho ishirini kwa wakati mmoja, basi. Wa ishirini na moja unafungiwa mlango. Ishirini ingetosha na kubaki kama watu wangeingia, wakafanya kazi, wakatoka. Lakini hapa kwetu muunganisho ni cheo. Ukipandishwa unapewa kiti cha kuzunguka na muunganisho wako, nao haufungwi, uutumie usiutumie. Daktari mkuu aliyefariki miaka minne iliyopita bado anao. Ofisi yake imefungwa, kompyuta inawaka, kwa heshima.

Seva naisimamia mimi, kwa programu niliyoiandika kwa maktaba ya msimbo, yaani mkusanyo wa amri zilizoandikwa tayari, za kila aina: ya kuingia, ya kuorodhesha waliomo, ya kumkata umtakaye.

Siku moja mama yangu alikuwa mapokezi tangu asubuhi, akingoja kuandikishwa upasuaji wa macho. Daktari wa macho huja mara moja kwa mwaka, na orodha ya upasuaji hufungwa saa sita mchana. Saa tano na nusu dada wa mapokezi akanipigia simu.

"Jina la mama haliingii. Seva imejaa."

Kumbe jana yake mkuu wa dobi alipandishwa cheo, akachukua nafasi ya mwisho. Nikamkimbilia.

"Shikamoo mzee. Naomba nikukate dakika moja tu."

"Marahaba. Unikate mimi? Nimefua mashuka miaka kumi na tisa nikiungoja huo muunganisho!"

"Unaufanyia nini?"

"Ninao." Akaendelea kukunja shuka.

Nikapanda kwa mkurugenzi, roho mkononi. "Basi tumkate marehemu."

Akavua miwani. "Mjane wake tutamwambia nini?"

"Hajui hata kama upo!"

"Ndiyo maana hajawahi kulalamika."

Nikarudi mezani nikamkata marehemu kimyakimya, Mungu anisamehe. Kompyuta yake ikajiunganisha tena kabla sijashusha pumzi. Nikamkata mzee wa dobi, naye akarudi. Nikamkata mkurugenzi mwenyewe. Wote walirudi, na mimi jasho linanitoka.

Zilibaki dakika nne. Kwenye orodha ile kulikuwa na muunganisho mmoja tu ambao usingerudi wenyewe: wa programu yangu, uliokuwa ukiwahesabu wenzake. Nikaufunga.

"Mama ameingia kwenye orodha!" dada wa mapokezi akapiga kelele kwenye simu. Nililia, na sioni haya kusema.

Alipomaliza kuandika, dada wa mapokezi hakutoka kwenye seva. Nilimbembeleza wiki nzima. "Dada yangu," akaniambia, "na mimi ni mtu."

Kwa hiyo sasa nasimamia seva nisiyoweza kuingia. Mshahara uko palepale, na nimepandishwa cheo: kiti cha kuzunguka nimepewa, muunganisho naungoja.

Juzi mama alikuja kunitembelea kazini, bandeji zimetoka. Akaikodolea macho skrini yangu, muda mrefu.

"Mwanangu, mbona humu hamna kitu?"

"Umepona vizuri sana, mama," nikamwambia.