Punda Anapanda Mara Mbili

Kwa watu wengi wa mtaa ule, mashindano ya baiskeli yalikuwa habari ya siku moja: barabara ifungwe, wapige kelele, barabara ifunguliwe, kila mtu arudi kwenye shida zake. Kwa Bi Uzi na mumewe yalikuwa wiki tatu za fungate, kila mwaka. Yeye huburuta cherehani yake mpaka mbele ya televisheni, mumewe huegemea mto wake, na wawili hao husafiri hatua kwa hatua, milima na mabonde, bila kulipa nauli wala kubeba begi.

Na katika kundi zima la wanaume wale waliokonda kama spoku, walikuwa wamemchagua mmoja ambaye mtaani hakuna mwingine aliyemjua. Hajawahi kushinda hata hatua moja, yaani mbio za siku moja. Kazi yake ni kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujijaza chupa za maji ndani ya fulana mpaka atoke nundu, kisha kuwakimbiza wenzake awagawie. Wakishakunywa, wanamwacha. Bi Uzi na mumewe walimpa jina la Punda, na walimpa kwa mapenzi.

"Huyu ni wa ukoo wetu," mumewe alisema siku ya kwanza kumwona. "Anabeba, hanywi."

Mume huyo, Bwana Brashi, alikuwa ameandika vibao vya nusu ya mji. Maduka, zahanati, kuta za shule, milango ya malori. Hata lile onyo la kukataza watu kukojoa ukutani alilitilia kivuli cha rangi ya dhahabu, likapendeza hivi kwamba watu waliona haya kwelikweli. Kisha siku moja ngazi ikateleza. Mkono wa kulia ukavunjika, ukaungwa, ukapona. Ila ulirudi na mtetemeko, kama redio iliyotoka kwa fundi ikiwa na mkoromo ambao haukuwamo ilipopelekwa. Tangu hapo hakugusa brashi. Na taratibu akaacha kutoka, maana kila akitoka alikutana na herufi zake mwenyewe ukutani, zimenyooka, zinamtazama.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Bi Uzi alimwambia wakati mmoja.

"Koleo lenyewe ni mkono wangu, mama. Wewe unaongea kama limevunjika la jirani."

Bi Uzi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini maisha yalishampiga makofi ya kutosha kumfundisha kwamba kuna kitambaa ukikivuta kinachanika. Akangoja.

Ndipo mwaka huu ikatangazwa kwamba mashindano yatapanda kilima chao. Tena si mara moja: waendeshaji watapanda, watazunguka nyuma ya kilima, halafu watarudi kupanda tena kabla ya kwenda kumalizia mjini. Mtaa mzima ukafurahia baiskeli. Bi Uzi akafurahia mlango. Alitaka kitu kimoja tu, mume wake atoke nje na brashi mkononi. Na mashabiki wa baiskeli wana desturi yao, kwamba anayekaa mlimani huandika jina la mtu wake barabarani ili alisome akiwa anahangaika na mwinuko.

"Tuandikie Punda," alisema, akijifanya anatunga uzi.

"Hapana."

"Neno moja tu. Herufi tano."

"Herufi tano zinazotetemeka mbele ya mji mzima." Hakumtazama. "Halafu huko barabarani unaona nini? Unaona upepo. Ukijikuna tu, wamepita. Mimi nitaangalia hapahapa."

"Basi nitaandika mwenyewe."

"Andika. Barabara si ya baba yangu."

Asubuhi ya siku yenyewe Bi Uzi alikoroga chokaa kwenye ndoo, chokaa kwa sababu hukauka upesi na haitelezi. Akanyoosha mkono kwenye lile kopo ambalo brashi zilikuwa zimesimama muda wote huo, nywele juu, kama wazee wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Mumewe alikuwa anatazama televisheni, ambayo ilikuwa haijawashwa.

"Hiyo ni ya kingo," alisema. "Chukua ile pana."

Alichukua ile pana, akatoka kabla tabasamu halijamponyoka.

Juu kwenye kona Kinyozi alikuwa ameshajikalia kiti cha plastiki chini ya mwavuli aliopanda nao kutoka saluni kwake. Huyu alimshabikia mwenye fulana ya kiongozi, yeyote awaye. Fulana ikihama, naye alihama, bila hata kuaga.

"Shemeji na ndoo!" alipiga kelele. "Unakuja kupiga barabara deki?"

"Nakuja kuandika jina la mtu. Wewe wako leo ni nani, au bado hawajakutangazia?"

"Wangu anaongoza. Wako yuko wapi?"

"Wako anakunywa maji ya nani?"

Kinyozi alicheka mpaka mwavuli ukayumba. "Lakini shemeji, huyo Punda wenu hata hajui kama anaitwa Punda."

"Mbeba mzigo hujijua."

Akapandisha khanga, akainama katikati ya lami. Aliandika kwa nguvu na kwa imani. P yake ilikuwa na tumbo la miezi tisa. U ikatosha kulaza mtu. Alipofika kwenye D akagundua kwamba barabara inaisha, na A ikabidi ijibane pembeni, mguu mmoja ukiwa kwenye kokoto. Hata hivyo lilikuwa neno, na lilikuwa jeupe. Alinyoosha mgongo akaridhika.

Waendeshaji walikuja kama mumewe alivyosema. Kwanza pikipiki ya polisi, kisha pikipiki ya kamera, mpiga picha amekaa kinyumenyume kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu mlio mmoja, fyuuu, rangi zote pamoja, na harufu ya mafuta ya kuchulia misuli. Punda alikuwa karibu na mkia wa kundi, nundu yake ya chupa mgongoni. Bi Uzi akapiga yowe la jina lake. Punda alikwishafika kwenye kona.

Simu ikalia kifuani.

"Wewe mwanamke!"

"Bee, baba."

"Hicho nilichokiona kwenye televisheni ni kitu gani?"

"Umekiona?"

"Dunia nzima imekiona! Wewe unayepima kiuno cha mtu kwa jicho akiwa ng'ambo ya barabara, umeshindwa kupima lami? P imemeza njia nzima, A inaomba hifadhi kwa jirani. Hata aliyejifunza kuandika jana angeacha nafasi."

"Fundi hakuwepo."

Mumewe alipumua kwa pua. Kisha kukawa na ukimya wa namna nyingine, ule ambao zamani alikuwa nao akirudi hatua mbili nyuma kutazama kibao.

"Hebu ngoja," alisema polepole. "Ulisimama upande gani ulipoandika?"

"Upande wa juu, natazama bondeni, wanakotokea. Mgeni anakuja, nimpe mgongo?"

"Na kamera iko mbele yao, inatazama nyuma. Ndiyo maana mimi nimelisoma vizuri. Mama, wao wanatoka chini. Punda amelikuta jina lake limelala miguu juu."

Simu ikakatika.

Bi Uzi alishuka hatua chache, akageuka, akatazama. Kweli. Neno lote lilikuwa limebinuka kama mende aliyepuliziwa dawa. Kinyozi aliacha kiti chake akaja kusimama kando yake, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto.

"Shemeji," alisema kwa upole wa kuudhi, "punda akilala hivi, huwa amekufa."

Ya herufi hayakumsumbua Bi Uzi. Kilichomsumbua ni ile simu iliyokatika. Alikuwa ametaka kumwonyesha mume wake kwamba barabara ni ya kila mtu, hata asiyejua, na sasa amemthibitishia kinyume chake: ukikosea, dunia nzima inaona. Alijua atakaporudi atakuta televisheni imezimwa na mto umegeuzwa ukutani. Akaitazama brashi pana, akafikiria kuinua ndoo na kumwaga yote yaliyobaki, afunike lile neno liwe doa tu. Doa halina kichwa wala miguu.

Alikuwa ameshaishika ndoo mpini aliposikia kandambili.

Bwana Brashi alikuwa anapanda kilima, taratibu, na shati lake la kazi lenye rangi za vibao vyote alivyowahi kuandika. Mkono wa kulia mfukoni. Wa kushoto ameshika dumu la maji, na kwapani ufagio. Watu walimpisha. Wengine walimsalimia, naye akaitika kama mtu aliyetoka kidogo tu kununua kiberiti.

"Nimekuja kufuta," alimwambia mkewe. "Kufuta tu."

"Sawa, baba."

Binti mwenye kizibao na kibendera, aliyewekwa pale kuwazuia watu wasivuke, alikuja mbio. "Shikamoo mzee. Barabara imefungwa, hamruhusiwi—"

"Marahaba mwanangu. Unalisoma hilo?"

Binti alilitazama lile neno, akazunguka upande wa pili, akaziba mdomo. Kisha akatazama chini bondeni, akasikiliza redio yake ya mkononi. "Bado wako nyuma ya kilima. Nikipuliza filimbi mtoke, tafadhali."

Walisugua pamoja, yeye akimwaga, mkewe akifagia, mpaka lami ikabaki na ukungu mweupe ambao jua liliukausha pale pale. Bwana Brashi akasimama upande wa chini, akatazama kilimani. Akarudi hatua mbili nyuma. Bi Uzi alimwona akizirudi zile hatua, akageuza uso haraka, akajishughulisha na khanga.

"Futi yako iko wapi?"

Ilikuwa shingoni, mahali inapokaa hata akienda kwenye mazishi. Alimpa. Wakaivuta kutoka ukingo hadi ukingo, yeye akigawanya kwa mdomo, mkewe akitia alama kwa chaki ya kukatia nguo, kama vile wanaikatia barabara suti. Kisha Bwana Brashi akapiga magoti, akautoa mkono mfukoni.

Ulitetemeka. Kila aliyekuwa pale aliuona. Kinyozi alifungua kinywa, Bi Uzi akamtazama, Kinyozi akakifunga. Brashi iligusa lami, ikasita, ikaenda. Ukingo wa P ulitoka na mawimbi madogo madogo, kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi.

"Unaona?" alisema bila kuinua kichwa. "Herufi zinatetemeka."

"Zinapanda mlima," alisema mkewe. "Zisitetemeke zimekuwa gari?"

Akaguna, na mguno ule ulikuwa na kicheko ndani yake. Aliandika U, akaandika N. Kwenye D aliacha kuutazama mkono, akaanza kuitazama herufi. Kwenye A filimbi ikalia, na ilibidi Bi Uzi amvute kwa kola ya shati, maana alikuwa anataka kuongeza kivuli.

"Kivuli kitu gani! Watakukanyaga!"

Mara hii hawakuja pamoja. Kilima kilikuwa kimewachuja. Wa kwanza walipita wakiwa na midomo wazi, na Kinyozi akamshangilia kidogo kiongozi wa zamani, kabla hajatambua kwamba kiongozi mpya ni yule aliyetangulia. Likapita kundi, yakapita magari yenye baiskeli mapaani. Watu wakaanza kukunja viti.

"Ngojeni," alisema Bwana Brashi, kana kwamba wako sebuleni kwake.

Punda alikuja akiwa peke yake. Kazi yake ilikuwa imekwisha, maji yamekwishagawiwa, sasa alikuwa anajibeba mwenyewe. Chumvi ya jasho imechora ramani kwenye fulana, kichwa kimeinama. Mtu aliyechoka hutazama chini. Ndiyo maana majina ya watu hawa huandikwa barabarani. Alikuwa anakata barabara kwa mshazari, ukingo hadi ukingo, kama wafanyavyo waliochoka mlimani, akaifikia P. Gurudumu lake likapita juu ya U, polepole, likapita juu ya N, na akainua uso akatafuta. Macho yake yalipita juu ya Kinyozi na mwavuli, yakatua kwa mzee mmoja mwenye magoti meupe.

Akapeleka mkono mgongoni. Kulikuwa na chupa moja imebaki. Aliinyoosha akiwa anapita, na Bwana Brashi akaipokea kwa mkono ule ule uliokuwa karibu naye, wa kulia, bila kukumbuka kuuficha. Maji yakachezacheza ndani ya chupa. Baiskeli ikazunguka kona, ikiacha nyuma yake mstari wa unga mweupe, mwembamba, uliopanda na kufifia.

"Ametoa ya mwisho," alisema Bi Uzi.

Mumewe alifungua akanywa, akakunja uso. "Ya moto." Akampa mkewe naye anywe.

Walishuka pamoja, ndoo kwa huyu, ufagio kwa yule, Kinyozi nyuma na kiti chake akiomba angalau aishike chupa. Mbele ya saluni Bwana Brashi alisimama. Kibao cha juu ya mlango kilikuwa kimebanduka rangi, herufi ya kwanza imebaki mguu mmoja.

"Nani alikuandikia hii?"

"Si wewe?" alisema Kinyozi.

Bwana Brashi alikitazama muda mrefu, akarudi hatua mbili nyuma, akamkanyaga mkewe.

"Kesho uniwekee ngazi," alisema. "Fupi. Na huyu awepo, aishike chini."