Msumari wa Kizingitini

"Mtaa huu umetulia," mtaalamu wa ardhi alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Miaka mitatu haujashuka hata kidogo."

Afisa wa mipango miji alishusha pumzi. Mitaa mingine yote ilikuwa ikididimia kwa maji yanayonyonywa na visima vya viwanda, na kesho baraza lingeamua ipi ihamishwe. "Mmoja ukipona, si haba. Mimi nafuata namba zenu."

Mshika fimbo alikuwa amekaa pembeni. Kazi yake ilikuwa kusimamisha fimbo ya vipimo juu ya msumari wa shaba uliopigiliwa ili kuonyesha ardhi imeshuka kiasi gani, na mtaalamu aisome kwa darubini kutoka mbali. Msumari wa mtaa huu ulikuwa kizingitini kwa baba yake. Asubuhi ile aliukuta umezungukwa na saruji mbichi.

"Baba, umefanya nini hapa?"

"Ulikuwa unazama, mwanangu, nikauinua. Kila mwaka nauinua. Niache mali ya serikali ipotee?"

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauona ufa alioushikilia, na kicheko kikamkauka.

Sasa, mbele ya wakubwa wake, angeweza kunyamaza. Baba hakutaka kuhama, kwa kuwa mwanawe wa kiume aliondoka miaka kumi na moja iliyopita, na siku akirudi hana anwani nyingine ya kuwatafutia. Yeye mwenyewe, kila mlango ukibishwa, moyo bado ulimruka. Alitamani kumwona kaka yake kama mgonjwa anavyotamani kupambazuke. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua, na ndani ya nyumba ile alikuwa akilala mzee wa miaka sabini.

"Samahani, bosi. Msumari ule si wa kuaminika. Baba huuinua."

Mtaalamu aliacha kugonga kalamu. "Kiasi gani?"

"Vidole vinne. Labda vitano."

"Dada," afisa alisema taratibu, "unajua nyumba ya kwanza kuhamishwa itakuwa ya nani?"

"Najua."

Jioni alimweleza baba yake yote. Mzee hakugomba. Aliingia ndani, akatoka na kopo la rangi na brashi.

"Niandikie tunakokwenda. Ukutani, kwa herufi kubwa."

"Baba, ukuta wenyewe unazama."

Mzee aliutazama kutoka chini hadi juu, kisha akamsogezea kigoda.

"Basi andika juu kabisa, karibu na paa."

Binti akapanda, akanyoosha mkono mpaka bega likamuuma.